KWETU NILIKOTOKA: Bujumbura, mji wa ziwa, gereji na vigari vya waya



Safu hii mnaijua. Kila mwezi mzazi mmoja anaombwa atutembeze kule alikozaliwa, ili watoto waliokulia humu kambini wasije wakadhani dunia ilianzia kwenye foleni ya mgao. Mwezi huu zamu imeniangukia mimi. Nilipoambiwa niandike juu ya Bujumbura nikasema hiyo kazi ndogo. Mji nimeuishi miaka 36, nitashindwa nini? Kumbe kuukaa mji ni kitu kimoja na kuueleza ni kitu kingine.

Aliyenionyesha hivyo ni kijana wangu wa pili. Tulipotoka Bujumbura mwaka 2015 alikuwa na miaka 4. Sasa anakaribia kunizidi urefu. Tangu mwaka jana anakwenda kituo cha vijana, pale penye kompyuta, na mwalimu wao amewafundisha programu moja ya kujengea vitofali vya kuchezea, vile vya plastiki vyenye vinundu juu, vinavyoshikana. Vitofali vyenyewe hawana. Wanavyo vichache vya shule ya watoto wadogo, navyo ni vya kugombania. Lakini ndani ya kompyuta vitofali haviishi. Basi jioni moja akaja, akakaa mbele yangu na daftari, akaniuliza:

"Baba, nataka kuijenga bandari ya Bujumbura, na meli ikiwa imefunga. Niambie ilivyo."

Nikaanza kumwambia. Na hicho nilichomwambia ndicho ninachowaandikia ninyi.

MJI WENYEWE

Bujumbura imekaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki. Ukisimama ufukweni jioni ukatazama magharibi, milima ya Kongo inasimama juu ya Uvira kama ukuta wa bluu, na jua linazama nyuma yake. Ukigeuka, milima ya Burundi nayo inaanza kupanda hapo hapo mjini. Mji uko katikati, kwenye tambarare, kwenye joto. Ziwa lina urefu wa kilomita 673, na kina chake kinapita mita 1,400. Duniani kote ziwa linalolishinda kina ni moja tu, Baikal la Urusi.

Zamani mji uliitwa Usumbura, na jina la sasa lilikuja baada ya uhuru wa mwaka 1962. Tangu 2019 makao makuu ya siasa ni Gitega, lakini biashara na bandari vimebaki pale pale ziwani. Soko kuu la katikati ya mji, ambalo kila mzee wa Bujumbura atakutajia, liliungua tarehe 27 Januari 2013. Nilikuwepo. Moshi tuliuona toka Buyenzi, na watu walikimbilia kule wakidhani wataokoa mali. Wengi walirudi na funguo za vibanda tu.

Usiku ndio wakati wa kuipenda Bujumbura. Wavuvi wanatoka na taa zao kuvua ndagala, na ukiwa mlimani, pale penye kaburi la Mwanamfalme Rwagasore, unaona miji miwili: mmoja wa taa za nyumbani chini yako, na mwingine wa taa za wavuvi juu ya maji. Asubuhi ndagala wanaanikwa mchangani, na harufu yake, jamani, mwenye kuijua anaijua. Jirani yangu hapa kambini, mama wa Uvira, ananiambia wao toka ng'ambo walikuwa wanaona taa zetu hizo hizo na kudhani ni mji mkubwa kama Ulaya. Nikamwambia, mama, na sisi tulidhani hivyo hivyo juu yenu.

BUYENZI

Mimi ni mtoto wa Buyenzi. Buyenzi ndio mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, kati ya Bwiza na mto Ntahangwa. Barabara zake zina namba badala ya majina, kwa hiyo mtu akikuuliza unakaa wapi unamwambia avenyu ya ngapi, basi, atakufikia. Nyumba zimebanana, misikiti ipo, soko la Ruvumera lipo, na Kiswahili kinasemwa toka mlangoni hadi mlangoni, kimechanganyika na Kirundi na Kifaransa kidogo na maneno ya Kongo. Watu wa Bujumbura wakitaka gari litengenezwe wanakuja Buyenzi. Wakitaka gari lifunguliwe likauzwe kipande kipande, wanakuja pia Buyenzi. Gereji zetu ziko barabarani. Utakuta injini imekaa juu ya tairi, giaboksi pembeni, na kijana wa miaka kumi na mbili amelala chini ya gari miguu tu ikionekana.

Mimi ndiye yule mwenye miguu. Nilianza kushika spana nikiwa darasa la tano, na kazi ya kwanza niliyopewa na fundi wangu haikuwa ya kufunga kitu. Ilikuwa kupanga. Akifungua kifaa, mimi natandika gunia chini, naweka kila nati na kila bolti kwa mstari, ile iliyotoka kwanza kushoto kabisa. Alikuwa akisema kwamba anayejua kufungua kwa mpangilio hatapotea wakati wa kufunga.

VIGARI VYA WAYA

Lakini ufundi haukuanzia gereji. Ulianzia kwenye vigari. Wazazi wenzangu, nani kati yetu hakutengeneza? Waya unaokota, unaunyoosha kwa jiwe, unakunja fremu. Magurudumu unakata kwenye kandambili iliyochoka. Bodi ni kopo la nyanya au la maziwa ya unga. Halafu usukani: waya mrefu unaotoka ekseli ya mbele hadi kifuani kwako, ili uendeshe ukiwa umesimama, ukikimbia nyuma ya gari lako na kuunguruma kwa mdomo.

Sisi wa Buyenzi tulikuwa na bahati moja, na bahati hiyo iliitwa redio ya kaseti. Redio ikifa, ndani yake kuna mota ndogo kama kidole gumba, ile inayozungusha kaseti. Ukiipata hiyo, na betri ambazo baba amezitupa lakini bado zina pumzi, gari lako linatembea lenyewe. Aliyekuwa na gari la mota alitembea na kundi la watoto nyuma yake kama askofu.

Tatizo la mota ile ni kwamba ina mbio lakini haina nguvu. Inazunguka mara 2,000 na zaidi kwa dakika, ila ukiigusa kwa kidole inasimama. Dawa yake tuliijua bila kufundishwa na mtu: unaweka puli ndogo kwenye mota na puli kubwa kwenye ekseli, katikati mkanda wa mpira. Puli kubwa ikiwa na upana mara kumi ya ile ndogo, mbio inapungua mara kumi, na nguvu inaongezeka karibu kiasi hicho hicho, ukiondoa inayopotea kwenye msuguano. Hilo ndilo giaboksi. Lori la mizigo na kigari cha mtoto vina sheria moja.

Nilipomweleza kijana wangu hayo alicheka, akaniambia, "Baba, na sisi ndivyo tunavyofanya." Akanionyesha kwenye kompyuta. Vitofali vile vina gia zake za plastiki, yenye meno 8, yenye meno 24, yenye meno 40. Meno 8 yakizungusha meno 40, mbio inagawanywa kwa 5. Ukirudia tena, inagawanywa kwa 25.

VITOFALI

Niseme kidogo juu ya vitofali hivi, maana wazazi wengi wananiuliza watoto wanapoteza muda na nini pale kituoni.

Kampuni yake ni LEGO, ya mji wa Billund, Denmark. Ilianzishwa mwaka 1932 na fundi seremala, Ole Kirk Christiansen, aliyekuwa akitengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Kitofali cha plastiki kinachoshikana kama tunavyokijua sasa kiliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958. Mwaka 1966 wakatoa treni yenye mota ya betri, na mwaka 1977 wakatoa aina yenye gia na ekseli, inayoitwa Technic. Vipimo havibadiliki: toka kinundu hadi kinundu ni milimita 8, popote duniani. Vitofali sita tu vya vinundu vinane, vya rangi moja, vinaweza kupangwa kwa namna 915,103,765. Mwalimu wa kituo aliandika namba hiyo ubaoni na watoto wakadhani amekosea.

Programu ya kompyuta, hiyo ina habari yake. Mwaka 1995 kijana mmoja wa Australia, James Jessiman, alitengeneza LDraw, mpangilio wa kuchora vitofali hivi ndani ya kompyuta, akautoa bure. Alifariki mwaka 1997, bado kijana, na wengine wakaendeleza kazi yake. Kampuni yenyewe ilikuja kutoa programu yake mwaka 2004 na ikaiondoa mwaka 2022, lakini ile ya bure bado ipo. Wanayotumia watoto wetu inaitwa LeoCAD, inasoma vitofali vya LDraw, haihitaji intaneti ikishawekwa, na inakubali kompyuta iliyochoka kama hizi zetu.

Na kuna jambo lililonifurahisha mimi kama fundi. Ukifungua faili la kazi ya mtoto, ndani yake hakuna picha. Ni maandishi. Kila kitofali ni mstari mmoja: rangi yake, mahali kilipo, kimegeukia wapi, na namba yake ya aina. Mstari baada ya mstari. Yaani ni lile gunia la fundi wangu, kila nati mahali pake.

Wengine wanaogopa kwamba mambo haya yatawachukua watoto mbali. Sitasema hofu hiyo ni ya bure. Julai 2017 vijana sita wa Burundi, wa miaka 16 hadi 18, walikwenda Washington, Marekani, kwenye mashindano ya roboti ya FIRST Global. Timu zilitoka nchi zaidi ya 150, na zote zilijenga kwa vipande vya aina moja: vyuma, mota, gia. Roboti ilitakiwa kutenganisha mipira ya bluu na ya rangi ya machungwa, mfano wa maji safi na uchafu. Mashindano yalipokwisha, vijana wale sita hawakuonekana. Polisi wa Washington walisema wawili walionekana wakivuka kwenda Canada, na kwamba hapakuwa na dalili ya kudhuriwa. Watu walisema mengi. Mimi niliwaza wazazi wao, jinsi walivyokaa na redio usiku ule. Lakini roboti haikuwachukua. Sisi tuliomo humu, nani alichukuliwa na roboti?

MELI YA MASANDUKU

Sasa turudi bandarini. Toka Buyenzi kwenda bandarini tulikuwa tunakwenda kwa mguu, tunakatiza mtaa wa Waasia, tunashuka kuelekea ziwani. Mizigo ya kule inatoka Kigoma na inatoka Mpulungu ya Zambia. Nilipokuwa mtoto, kabla ya vita vya mwaka 1993, meli ya abiria Liemba ilikuwa inafika hadi kwetu. Ikipiga honi, watoto wa Buyenzi tuliacha kila kitu. Ilikuwa na winchi mbele, mkono wa chuma unaoinua mizigo toka ghalani, na mimi nilikuwa nasimama pale kuitazama winchi mpaka njaa inikumbushe nyumbani.

Kijana wangu akaandika: meli ni Liemba. Akaniuliza urefu. Nikamwambia mita mia moja na zaidi. Upana? Mita ishirini. Rangi, madirisha, ngazi, nilimpa vyote bila kusita.

Wiki iliyofuata akarudi na karatasi. Mwalimu alikuwa amemtafutia vipimo.

"Baba, ina mita 71 kwa urefu. Upana ni mita 10."

"Haiwezekani."

"Labda ni kwa sababu wewe ulikuwa mdogo, baba."

Nikanyamaza. Ndugu wasomaji, ni kitu kigumu mtoto ambaye hakumbuki mji wako akusahihishe juu ya mji wako. Lakini alikuwa kweli. Akapanga kinundu kimoja kiwe mita moja. Meli ikawa vinundu 71, sawa na sentimita 57, upana vinundu 10.

Katika karatasi ile kulikuwa na historia ya Liemba, na mimi niliyeitazama tangu utoto sikuwa naijua yote. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf Goetzen. Waliifunga kwanza kwa bolti, wakaifungua yote, wakaiweka kwenye masanduku kama 5,000. Masanduku yakaja kwa meli hadi Dar es Salaam, yakapanda treni kwenda Kigoma. Hapo fundi Anton Rüter na Wajerumani wenzake wawili, pamoja na vibarua wengi Waafrika, wakaiunganisha upya kwa ribiti. Ikaingia majini Februari 1915. Mwaka 1916, vita ikiwaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini grisi nene ili isiharibike. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakaikuta inafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Kijana wangu aliniambia, "Baba, kumbe nayo ilikuja kwa vipande." Nikamwambia ndiyo, na waliofungua walijua kwamba kuna siku ya kufunga.

WINCHI

Meli ya kwenye kompyuta ilimchukua miezi mitatu, maana zamu ya kompyuta ni saa moja, mara mbili kwa wiki. Ilifika vitofali 1,340. Mimi nilikuwa nakwenda Jumamosi kutazama. Anaigeuza kwa kidole, unaiona chini, unaiona juu, unafungua sitaha kama kifuniko cha sufuria na kuona gia za winchi ndani. Kazi safi.

Nikamwambia sasa tuijenge ya kushikika. Vitofali hatuna, lakini vipimo tunavyo, na mimi mikono ninayo. Tukachukua makopo ya mafuta ya mgao, tukayakata, tukayanyoosha, tukakunja mwili wa meli kwa sentimita zile zile 57. Kandambili zikatoa puli. Mrija wa kalamu ukawa puli ndogo ya mota. Mikanda tulikata kwenye tyubu ya baiskeli. Mota nilitoa kwenye redio iliyokufa ya jirani, kwa ruhusa yake. Betri ni ghali, basi tukaunga mota kwenye paneli ndogo ya kuchajia simu. Jua likiwaka winchi inafanya kazi, wingu likipita inasimama, wingu likienda inaendelea.

Siku ya kwanza tuliiweka kwenye beseni la maji, watoto wa mtaa wamezunguka. Winchi ikashika mfuko wa chumvi ulioko pembeni, ikaanza kuinua. Polepole, vizuri kabisa. Halafu meli nzima ikalala ubavu, ikajaa maji, chumvi ikayeyuka. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mama watoto hakucheka, kwa sababu ya chumvi.

Kijana wangu alishangaa. "Kwenye kompyuta haikuanguka."

Nikamwambia, mwanangu, kwenye kompyuta hakuna uzito. Kitofali kinakaa ulipokiweka hata kama ni hewani. Chombo cha majini kinataka kitu kizito chini ili kisimame. Tukaweka mawe ndani, chini kabisa, tukayafunga kwa waya yasiteleze. Mara ya pili ikainua, ikayumba kidogo, ikasimama. Mara hii tulitumia mfuko wa mchanga.

Kwa hiyo tulisahihishana. Yeye alinisahihisha vipimo, mimi nikamsahihisha uzito.

SWALI LA NGAZI

Nilikuwa nataka kuishia hapo. Lakini mhariri ananiambia safu hii ni ya ukweli, basi niseme na lililobaki.

Meli ilipokwisha, akaanza kuweka watu. Programu ina vijitu vidogo. Akaweka baba, mama, dada yake, yeye mwenyewe. Maana Liemba hatukuijua kwa kuitazama tu. Mwaka 2015 ndiyo iliyotubeba. Tulitoka Bujumbura kwa basi kwa ile barabara ya kandokando ya ziwa. Tukapita Mugere, penye lile jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliofika pale mwaka 1871, tukapita Rumonge, tukafika Nyanza-Lac. Toka pale tukavuka hadi Kagunga, upande wa Tanzania. Kagunga ni kijiji cha wavuvi, mlima nyuma, ziwa mbele, na wakati ule barabara haikuwepo. Mwezi ule wa Mei watu walikuwa maelfu na maelfu mchangani, na kipindupindu kikaingia. Liemba ilikuja kutuchukua, watu kama 600 kwa safari, kutupeleka Kigoma. Gati hapakuwa. Meli ilisimama mbali na mitumbwi ikatupeleka kwake.

Kijana wangu anajua hayo kwa kusikia. Akaniuliza, "Baba, tulipanda kwa mlango gani? Nataka niweke ngazi." Nikamwonyesha ubavuni. Akaweka ngazi, akaweka na mitumbwi miwili. Halafu akachagua kijitu kimoja chenye nywele nyeupe, akasema, "Na bibi alikaa wapi?"

Miaka yote hii nilikuwa nimemwambia bibi yake alifariki safarini. Safarini ni neno pana. Nilikuwa nimeliacha hivyo makusudi, na yeye akalielewa kivyake, kwamba bibi alikuwa nasi melini. Nilitazama kile kijitu kwenye kioo, nikaona nikikaa kimya atakiweka mahali ambapo bibi hakuwahi kufika.

Nikamwambia. Mama yangu hakupanda. Alikaa siku nne Kagunga, ya tano hakuamka, na tulimzika pale juu kidogo ya mchanga pamoja na wengine. Mitumbwi ilipofika zamu yetu ilikuwa siku mbili baadaye. Yeye ndiye aliyekuwa amekubeba mgongoni toka Nyanza-Lac, nikamwambia, kwa sababu mimi nilikuwa na mizigo na mama yako alikuwa na dada yako.

Hakusema kitu. Saa yake ya kompyuta ilikuwa inakwisha, mwenzake anasubiri. Akahifadhi kazi, tukaondoka.

Jumamosi iliyofuata nilikuta ameongeza upande mwingine. Bandari ya Bujumbura iko huku, na kule mbali, katikati maji matupu, ameweka kipande cha ufukwe cha rangi ya mchanga, na mlima nyuma. Bibi amekaa pale. Uso wake ameuelekeza ziwani.

Sikumsahihisha kitu.

MWISHO

Kazi yote hiyo, bandari, meli, mitumbwi, Kagunga na Buyenzi ambayo ameianza, iko kwenye flashi moja ndogo aliyoning'iniza shingoni. Mimi nilitoka Bujumbura na begi moja na spana mbili. Tukihama tena, na sisi tunajua habari za kuhama, hiyo haitazidi uzito.

Wazazi wenzangu, ninawaomba mambo mawili. La kwanza, redio ikifa usiitupe, wala usimgombeze mtoto anayeifungua. Mpe gunia la kupangia vipande na mwambie aanze kushoto. La pili, mtoto akikuuliza kwetu kukoje, jibu kwa vipimo. Nyumba ilikuwa na milango mingapi? Kisima kilikuwa mbali hatua ngapi? Utagundua ulichosahau, na huenda ukajikuta unasema ulichokuwa unakificha.

Na nyinyi mliokuwa mnafanya kazi bandarini Bujumbura miaka ya 1980 na 1990, kijana wangu anawahitaji. Mimi nasema mapaa ya maghala yalikuwa ya bati jekundu, jirani yangu wa Uvira anasema toka ng'ambo yalionekana meupe. Jumamosi saa nne asubuhi tupo kituo cha vijana. Njooni mtusahihishe. Meli na beseni vitakuwepo pia, kama jua litawaka.

Mwezi ujao safu hii itatupeleka Uvira. Mama jirani ameshakubali, na amesema ataanza na zile taa.

— Baba wa watoto watatu, fundi baiskeli